Vishimo kwenye mshono wa MIG: kusaka tatizo la gesi hatua kwa hatua

Sauti ndiyo hutangulia. Mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya unaojilisha na gesi ya kukinga, iliyokaa sawa hulia mlio mmoja usiokatika, kama mihogo inayokaangwa kwenye mafuta mengi. Gesi ikikosekana, mlio unakatika-katika, cheche zinaruka ovyo, na mshono unatoka na masizi. Ukiupitisha grainda unakuta ndani kumejaa matundu kama kitumbua kilichoumuka. Hapo mafundi wengi mkono unakwenda wenyewe kwenye regulita, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopima na kupunguza gesi: ongeza gesi. Nakuomba uuzuie mkono huo. Katika kazi zangu hapa Dodoma, kuongeza gesi kumenisaidia mara chache sana, na mara nyingi kumezidisha ugonjwa.

Tuanze na kazi ya gesi yenyewe. Hewa tunayovuta ina nitrojeni kama asilimia 78. Chuma kikiyeyuka kinainywa, kikianza kupoa kinaitema, na ile inayochelewa kutoka inanaswa ndani chuma kinapoganda. Hicho ndicho kishimo. Gesi ya kukinga, iwe kaboni dayoksaidi tupu au agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi, inatanda juu ya ziwa la chuma kilichoyeyuka na kuifukuza hewa hadi kigande. Kwa hiyo swali ni moja: hewa imepata wapi nafasi? Ama gesi haifiki, ama inafika na kupeperushwa. Lipo na jambo la tatu linalofanana na hayo mawili bila kuihusu gesi kabisa, nalo ni uchafu wa chuma chenyewe.

Hatua ya kwanza: kipande safi

Kabla ya kufungua kitu chochote, chukua kipande cha flatibaa cha unene wa milimita 4 au 5. Kisugue kwa grainda pande zote hadi king'ae. Kiweke mezani ndani ya karakana, funga mlango, zima feni, kisha vuta mshono wa sentimita 10 kwa mipangilio ileile uliyokuwa nayo.

Mshono ukitoka safi, mashine, mtungi na mpira wa gesi havina kosa. Tatizo liko kule kwenye kazi: upepo au uchafu. Soma hatua ya pili na ya tatu. Ukitoka na vishimo hata hapo, ruka hadi ya nne. Dakika tano hizi zinaokoa nusu siku ya kufungua vitu vizima.

Hatua ya pili: upepo

Kwa sisi wa kanda ya kati huyu ndiye mshukiwa wa kwanza. Dodoma ni uwanda ulio wazi, na kuanzia Juni hadi karibu Oktoba upepo unavuma kwa nguvu, hasa mchana. MIG haiuvumilii. Kiwango kinachotumika katika kanuni za uchomeleaji wa vyuma vya majengo ni kilomita 8 kwa saa. Zaidi ya hapo kinga ya gesi haiaminiki. Si upepo mkubwa huo. Ni ule unaousikia usoni na kuona majani ya mwarobaini yanatikisika. Ukifika hapo, umekwisha kufika mpakani.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilikuwa nachomelea geti kwenye kiwanja kule Ihumwa. Hakuna ukuta, hakuna mti. Asubuhi mishono ilikuwa mizuri. Saa tano upepo ukaamka, vishimo vikaanza. Nikapandisha gesi kutoka lita 12 kwa dakika hadi 18, vikapungua kidogo. Nikapandisha hadi 25, vikarudi zaidi ya mwanzo. Sikuelewa siku ile, sasa naelewa. Gesi ikitoka kwa kasi kupita kiasi haitandi tena. Inazunguka-zunguka kama maji ya bomba lililofunguliwa mwisho, na katika kuzunguka inavuta hewa ya pembeni na kuiingiza palepale ulipotaka kuizuia. Nilimaliza gesi nyingi, nikasaga mishono yote, nikaianza upya kesho yake alfajiri.

Ukitaka kuuona upepo usiousikia, washa kijiti cha udi (mbali na rangi na petroli) ukishike palepale mshono unapopita. Moshi ukipanda juu taratibu, chomelea. Ukilala ubavu, ziba kwanza. Fanya hivyo hata ndani ya karakana. Nimeshakuta feni ya mashine yenyewe ya kuchomelea imeelekezwa kwenye kazi.

Namna ya kuziba: simamisha bati au turubai zito upande upepo unakotoka, karibu na kazi kadiri inavyowezekana, nusu mita hivi. Turubai lililo mita tatu nyuma yako linakupa kivuli tu. Usijifungie pande zote nne. Moshi unahitaji pa kutokea, nawe unahitaji hewa.

Upo upepo mwingine ambao wengi hawaufikirii, unaopita ndani ya chuma. Geti la bomba za mraba za 40 kwa 40 likiwa na ncha zilizo wazi, upepo unaingia upande mmoja kama dohani na kutokea kwenye mwanya unaouchomelea. Unaziba nje kote na vishimo havikomi, tena vinakuja mahali palepale, kwenye kiungo. Ziba ncha za bomba kwa kitambaa kibichi kabla ya kuanza.

Kinyume chake pia kipo. Bomba lililozibwa pande zote, mshono wa mwisho kabisa unatoboka karibu na kumalizia. Hiyo ni hewa ya ndani iliyopata moto, ikatanuka, ikatafuta njia. Toboa tundu dogo mahali pasipoonekana ipate kupumua, kisha ulizibe mwishoni chuma kikishapoa.

Na kama kazi ni ya nje mchana wa Agosti na huwezi kuziba, achana na MIG siku hiyo. Chukua vijiti vya kawaida, au waya wenye dawa ndani usiotumia gesi. Si aibu kwa fundi kubadili mashine.

Hatua ya tatu: chuma chenyewe

Hapa nitapita haraka. Rangi, mafuta, kutu nene na zinki vyote hutoa gesi vikiungua, na gesi hiyo hutoboa mshono kutokea chini. Safisha kwa grainda walau sentimita 2 hadi 3 kila upande wa mshono, na ndani ya kiungo, si juu tu. Chuma cha zinki, yale mabomba meupe yanayong'aa, kinahitaji kuondolewa zinki kabisa, kwa sababu moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa hayazuii jambo hilo. Kinachozuia ni kuusaga huo mpako na kukaa upande upepo unakotoka.

Angalia na waya. Koili iliyokaa wazi miezi mitatu katika vumbi letu jekundu na umande wa masika inapata kutu, na kutu hiyo inaingia kwenye mshono. Izungushie mfuko wa nailoni nzito usiku.

Hatua ya nne: nozo, difyuza na mkono wako

Toa nozo, ule mdomo wa tochi (mkono wa kuchomelea) ambamo gesi hutokea. Tazama ndani. Matone ya chuma yaliyoganda yanaipunguza njia ya gesi, na mbaya zaidi yanaipindisha, gesi inatokea upande mmoja. Yakwangue yote. Kisha tazama difyuza, kile kipande chenye vitundu vidogo pembeni ambamo gesi hutokea kabla ya kuingia kwenye nozo. Vitundu viwili vikiziba, upande mmoja wa mshono haupati kinga, nawe utaona vishimo vimejipanga mstari upande huohuo. Dalili hiyo ikionekana, usitafute kwingine.

Hakikisha nozo imekaa imara na imenyooka. Ikilegea, hewa inaingia kwa nyuma yake.

Halafu mkono. Umbali kutoka kwenye tipu, kile kitundu waya unapotokea, hadi kwenye chuma uwe milimita 10 hadi 15 kwa kazi za kawaida za mageti na grili. Vijana wanaojifunza hupenda kurudi nyuma ili waone vizuri, wanafika milimita 25, na gesi inakuwa imetawanyika kabla ya kutua. Ulalo wa tochi uwe nyuzi 10 hadi 15 hivi. Ukiilaza zaidi, gesi inapiga mbele na kuvuta hewa nyuma yake.

Vishimo vikiwa mwanzoni tu mwa mshono au mwishoni tu, kosa liko kwenye muda. Mwanzoni, gesi iliyojikusanya kwenye mpira hutoka kwa mshindo na kuvuruga hewa. Kama mashine yako ina sehemu ya kutanguliza gesi kabla ya moto, iweke sekunde nusu hivi. Mwishoni, usiinue tochi mara tu unapoachia swichi. Ishike palepale juu ya mwisho wa mshono sekunde mbili, gesi imalizie kazi yake.

Hatua ya tano: pima gesi inayofika kweli

Kinachosomeka kwenye regulita ni gesi iliyoondoka kwenye mtungi. Wewe unataka kujua iliyofika. Kipo kipimo kidogo cha kuweka mdomoni mwa nozo, na kama unakipata kinunue. Usipokipata, tumia dumu la lita 5.

Kwanza ondoa klampu ya ethi kwenye kazi na ulegeze kibano cha waya ili usitembee. Kama mashine ina kitufe cha kupima gesi, tumia hicho badala ya swichi ya tochi. Vuta kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya nozo, ukikaze kwa mpira, na ncha ya pili uunge mpira mdogo mrefu kiasi. Jaza dumu maji hadi juu, ligeuze mdomo chini ndani ya ndoo yenye maji, ingiza ncha ya mpira mdomoni mwa dumu. Tochi yenyewe ibaki juu, pakavu. Fungua gesi na uhesabu muda hadi maji yote ya dumu yatoke. Toa mpira majini kabla ya kufunga gesi, maji yasirudi kwenye tochi.

Sekunde 30 ni lita 10 kwa dakika. Sekunde 25 ni lita 12. Sekunde 20 ni lita 15. Kwa waya wa milimita 0.8 ndani ya karakana, lita 10 hadi 12 zinatosha. Wa milimita 1.0, lita 12 hadi 15, wa 1.2, 15 hadi 18. Regulita ikisema 12 na dumu likachukua sekunde 40, basi nozoni inafika lita 7 na nusu tu, na lita 4 na nusu zinapotea njiani kila dakika. Sasa una kitu cha kusaka.

Neno moja kuhusu regulita yenyewe. Zipo zilizoandikwa CFH (futi za ujazo kwa saa), kipimo cha Wamarekani, badala ya lita. CFH 25 ni karibu lita 12 kwa dakika. Aliyeambiwa "weka 12" akaweka CFH 12, anachomelea kwa chini ya lita 6. Na kama ni ile yenye bomba la kioo na kigololi, lazima isimame wima. Ikiinama, kigololi kinagusa ukuta na usomaji si wa kweli.

Hatua ya sita: kutafuta panapovuja

Fungua mtungi, weka regulita kama siku zote, usibonyeze swichi. Kisha funga mtungi. Piga picha geji (saa ya mgandamizo) kwa simu. Subiri dakika 15, piga tena. Mshale ukishuka, panavuja mahali kati ya mtungi na vali ya mashine. Kama kigololi kinaelea kidogo hali hujabonyeza chochote, gesi inapita baada ya regulita: ni mpira, au vali ya mashine haifungi.

Fungua tena, koroga sabuni ya maji na maji kidogo, paka kwa brashi kwenye nati ya mtungi, maungio ya regulita, klipu za mpira, na mpira wote tangu mwanzo hadi mwisho. Povu linaonyesha. Tundu dogo halitoi gesi tu. Mahali gesi inapopita kwa kasi, tundu linaweza pia kuvuta hewa ndani, na hewa hiyo inasafiri na gesi hadi kwenye mshono wako. Ndiyo maana mpira uliopasuka kidogo unaharibu kazi kuliko ungetegemea.

Upande wa tochi haupimwi na jaribio la dakika 15, kwa kuwa vali imefunga. Huko tazama oringi ndogo kwenye kichwa cha tochi kinapoingia mashineni. Zinakauka na kukatika kwa joto. Zinauzwa bei ndogo. Badilisha zote kwa pamoja. Angalia pia kama kebo ya tochi imekunjika au imekanyagwa na kitu kizito.

Na nyigu. Nasema kwa uzito wote. Nyigu wa udongo wa huku wanapenda tundu lolote lenye upana wa penseli. Niliwahi kuuacha mpira wa gesi wazi ukutani wiki moja, mtungi ukiwa umekwenda kujazwa. Mtungi uliporudi, nikaunga, nikabonyeza: vali inalia "tik" vizuri, regulita inasoma, nozoni hakuna kitu. Nilifungua solenoidi, yaani vali ya umeme inayofungulia gesi, nikafungua tochi nzima. Mchana kutwa. Mwisho nilikata mpira sentimita 10 kutoka mwishoni nikakuta kizibo cha udongo mgumu kama tofali, na ndani yake buibui watano waliowekwa akiba ya mtoto wa nyigu. Tangu siku hiyo kila mpira na kila nozo inayolala inavalishwa kitambaa.

Hatua ya saba: vali ya solenoidi

Ukibonyeza swichi, weka sikio kwenye mashine. Usiposikia "tik", umeme haufiki kwenye vali au koili imeungua. Zima mashine, chomoa plagi, na umwite anayejua umeme wa mashine kama wewe si mzoefu. Ukisikia "tik" na gesi haitoki, vali imeziba, mara nyingi kwa vumbi. Toa mpira unaotoka kwenye vali na ujaribu bila tochi. Gesi ikitoka hapo, kosa liko mbele, kwenye tochi.

Hatua ya nane: mtungi

Mtungi wa kaboni dayoksaidi unadanganya wengi. Ndani yake kuna maji ya gesi, yaani gesi iliyogandamizwa hadi kuwa kimiminika, na geji inaonyesha mgandamizo unaofuata joto, si kiasi kilichobaki. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15 itasoma kama bar 50. Mchana wenye nyuzi 30 mtungi uleule utasoma zaidi ya 70. Haujaongezeka. Itabaki hivyo hadi kimiminika kiishe, kisha inaporomoka ghafla, wewe ukiwa katikati ya mshono.

Njia ya kweli ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa begani mwake. Pima, toa. Kilo moja ya kaboni dayoksaidi inatoa karibu lita 540 za gesi, na kwa lita 12 kwa dakika hizo ni dakika 45 za moto unaowaka. Mtungi wa agoni au wa mchanganyiko ni tofauti, huo geji inasema kweli: mtungi wa lita 50 kwa mgandamizo wa bar 150 ni kama lita 7,500 za gesi, zaidi kidogo ya saa kumi za moto.

Kaboni dayoksaidi inapotoka inapoa sana. Ukichomelea mfululizo utaona regulita imeota barafu nyeupe, na kigololi kinaanza kushuka chenyewe. Regulita zenye hita zipo kwa sababu hiyo. Ila soma volti iliyoandikwa kabla ya kuichomeka: nyingi ni za volti 36, zinachomekwa nyuma ya mashine, na ukizitia kwenye soketi ya ukutani ya 230 zinaungua hapohapo. Huna hita? Pumzisha mtungi, funika regulita kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu. Moto wa aina yoyote, hapana.

Mtungi usimame wima siku zote, umefungwa kwa mnyororo, kivulini. Ukilala, kimiminika kinaingia kwenye regulita.

Soma lebo, usitegemee rangi. Agoni tupu kwenye chuma cha kawaida inatoa moto usiotulia na mshono uliosimama juu. Kaboni dayoksaidi kwenye aluminiamu inatoa masizi meusi. Aluminiamu inataka agoni tupu. Chuma kisichoshika kutu kwa kawaida kinachomelewa na agoni yenye kaboni dayoksaidi asilimia 2 hivi. Na gesi yenyewe kuwa mbovu, yenye unyevu, hutokea, lakini iwe ya mwisho kuishuku. Kabla ya kumlaumu muuzaji, azima mtungi wa jirani, unga, rudia kile kipande safi cha hatua ya kwanza. Mshono ukitoka safi, rudisha wako, na kipande chenye vishimo uende nacho.

Kosa moja lililobaki halimo kwenye gesi. Mashine nyingi ndogo zinazouzwa sasa zinafanya kazi na bila gesi, na ukitumia waya wa bila gesi unageuza nyaya: tochi kwenye hasi. Ukirudi kwenye waya wa kawaida na gesi, tochi lazima irudi kwenye chanya. Usipogeuza, utapata cheche nyingi na mshono mbaya, utahangaika na gesi siku nzima.

Wale mnaopata kazi za matangi ya mvinyo huku Hombolo na Makutupora, gesi hizi zote ni nzito kuliko hewa. Zinakaa chini ndani ya tangi kama maji, na hazina harufu. Usiingie bila hewa kusukumwa ndani na mtu wa kukuangalia akiwa mdomoni mwa tangi muda wote.

Jioni funga mtungi, bonyeza swichi hadi geji ishuke sifuri, legeza skrubu ya regulita, vika nozo kitambaa, kisha andika kwa chaki ubavuni mwa mtungi uzito wa siku hiyo.